Mwalimu Malaki Chini ya Punda

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni motoni. Wenye meno mtacheka, wenye mapengo mtacheka zaidi.

Hapo kale, katika kisiwa cha Ayalandi, ambako mvua hunyesha hata jua likiwaka, paliishi binti aitwaye Dervla. Mwalimu wake, Malaki, alikuwa na ndevu ndefu na kikohozi kisichosikia dawa. Miaka mingi aliwachapa watoto kwa kusema lugha ya mama zao na kwa kusimulia ngano za wazee. "Upuuzi!" alikuwa akisema. Mama yake Dervla alikuwa mmoja wa waliochapwa.

Siku moja wakubwa wa mjini wakaleta amri: kila mwanafunzi akusanye ngano na dawa za wazee, aziandike daftarini. Ijumaa mkaguzi atakuja, na daftari zikiwa tupu, mwalimu atafute kazi nyingine. Basi Malaki akaanza kuupenda upuuzi.

Dervla akakimbia kwa bibi yake, Bibi Napla.

"Bibi, nipe ngano."

"Sina, mjukuu wangu. Mwalimu wako alizichapa zikamtoka mama yako."

Dervla akarudi mikono mitupu, akala fimbo.

Siku ya pili: "Bibi, nipe ngano."

"Sina, mjukuu wangu."

Akarudi mikono mitupu, akala fimbo.

Siku ya tatu akaenda akilia. Bibi Napla akaitazama mikono ya mjukuu wake iliyovimba.

"Mwambie aje kuomba mwenyewe," akasema.

Malaki akaja, koh! koh! koh! Darasa zima likamfuata nyuma.

"Mama, nakuomba ngano," akasema, kikohozi kikamkatiza.

"Kwanza upone, Mwalimu. Dawa ya kikohozi ni kupita chini ya tumbo la punda mara tatu."

"Upuuz—" Akamkumbuka mkaguzi. Akapiga magoti.

Punda wa Bibi Napla alikuwa uani akitafuna nyasi zake. Akageuza shingo.

"Inama, Mwalimu," akasema punda.

Malaki akapita.

"Inama zaidi, Mwalimu."

Malaki akapita.

"Inama mpaka ndevu ziguse matope, Mwalimu."

Malaki akapita, ndevu zikagusa matope na vingine visivyokuwa matope. Watoto wakaziba midomo. Dervla alishindwa, kicheko kikamtoka puu!

Malaki akainuka. "Haya, ngano iko wapi?"

"Si umetoka humo sasa hivi?" akasema Bibi Napla. "Mjukuu wangu, andika."

Dervla akaandika. Mikono ilimuuma, lakini hakuruka neno: jina la mwalimu, jina la kijiji, hata manyoya ya punda.

Ijumaa mkaguzi akafika, akasoma daftari moja baada ya nyingine huku akipiga miayo. Alipofika kwenye daftari ya Dervla akasoma, akasita, akasoma tena kwa sauti. Mwalimu Malaki akaruka kuuchana ukurasa.

"Uache!" mkaguzi akasema. "Daftari hamsini nimesoma, arobaini na tisa zimenakiliwa kutoka kitabu cha kusomea. Hii moja ndiyo ngano."

Akaipiga muhuri, akaenda nayo mji mkuu. Ikawekwa kwenye kabati la chuma katika nyumba ya kuhifadhi ngano, na huko watu huenda wanaisoma, wanacheka, wanawasomea watoto wao.

Nami naitua hadithi yangu hapa. Anayetaka nyingine alete kuni.