Kiboko Alivyouaga Mji Mzima

Paukwa!
— Pakawa!
Meli inaondoka!
— Ngoja tupande!
Haingoji mtu!
— Basi simulia upesi!

Haya. Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana meli zilikwishakuwepo na foleni pia, palikuwa na mji wa bandari uitwao Ukingoni. Wakazi wake wote walikuwa wanyama. Msiniulize binadamu walikuwa wapi. Labda walikuwa kwenye semina.

Kila mwezi meli kubwa nyeupe ya watalii ilitia nanga Ukingoni. Asubuhi ilishusha abiria wazurure, wanunue vikapu wasivyovihitaji, wapige picha milango ya watu. Saa kumi jioni iling'oa nanga. Na kila mwezi, ikifika saa tisa na nusu, wakazi waliacha shughuli zao wakaenda kukaa juu ya ukuta wa gati. Wengine walibeba karanga. Wenye makalio laini walibeba mito. Hawakwenda kuitazama meli. Meli ni meli. Walikwenda kuwatazama wachelewaji.

Jamani, mchelewaji ni kitu kitamu! Asubuhi amepita kifua mbele, miwani nyeusi, hamjibu mtu salamu. Jioni anarudi mbio, kiatu mkononi, ulimi nje. Kunguru alikuwa mtangazaji. Alisimama juu ya nguzo akapaza sauti:

"Wanakuja! Mume na mke, Bwana Bata na Bibi Bata! Bibi anaongoza! Bwana ameangusha kofia. Anairudia? Anairudia! Mjinga huyo!"

Na ukuta mzima ulipiga vigelegele.

Nahodha wa meli alikuwa Kobe. Ndiyo, Kobe. Mnacheka nini? Kobe alikuwa amechekwa maisha yake yote kwa kuchelewa, basi alipopata meli yake aliapa kwamba hakuna kiumbe kitakachomchelewesha tena. Sheria yake ilikuwa fupi. Honi ya kwanza, rudini. Honi ya pili, kamba zinafunguliwa. Honi ya tatu, ngazi inavutwa. Aliye ndani ana kitanda. Aliye nje hana kitanda, na asiniandikie barua.

Sasa, mjini Ukingoni aliishi Bibi Pimbi, mdogo kiasi cha kuogea ndani ya sufuria. Binti yake aliolewa mbali, Kisiwa cha Mawe, safari ya siku tatu. Mimba yake ya kwanza, mwezi wake umetimia, na mama mkwe wake ni mtu anayeweza kuunguza maji. Nani atamkanda mzazi? Nani atampikia uji? Bibi Pimbi alikata tiketi, akafungasha kikapu, na meli ilipofika asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye ngazi.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba. Kitanda chako ni namba arobaini," akasema Kobe, kisha akakohoa. "Ila kina mtu. Yaani, kina kitu."

Bibi Pimbi akaenda kutazama. Akakuta vitanda vitatu vimeunganishwa. Kwenye cha kwanza na cha pili alikuwa amelala Bwana Kiboko, anajinyoosha. Kwenye cha tatu, namba arobaini, ilikuwa imelala kofia.

"Shikamoo, bwana mkubwa. Hicho kitanda ni changu."

"Hicho ni cha kofia," akasema Kiboko.

"Kofia inalala kitandani?"

"Kibibi, hiyo ni kofia ya msafiri. Imefika miji arobaini na mitatu. Unataka ilale sakafuni kama wewe?"

Bibi Pimbi akarudi kwa nahodha. Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba, kisha akakitoa.

"Mama, yule ukimsukuma hasukumiki. Nimejaribu. Sheria yangu unaijua. Honi ya tatu ikilia naye yuko nje, kitanda ni chako. Ikilia yuko ndani, tuonane mwezi ujao."

Mwezi ujao! Mwezi ujao mjukuu atakuwa amekwishatoboa masikio.

Bibi Pimbi hakulia. Hakumlaani mtu. Alishuka, akakaa juu ya kikapu chake, akafikiri.

Saa saba mchana akamwona Bwana Kiboko amejilaza kivulini, nje ya ghala la forodha, anakula tikitimaji. Halikatwi, hapana. Linatupwa kinywani zima. Mbwata! Lingine. Mbwata!

"Umeuonaje mji wetu, bwana mkubwa?"

"Mzuri. Mimi napenda sana utamaduni wa wenyeji." Mbwata!

"Vizuri. Umeshaaga?"

"Nimuage nani? Nimekuja asubuhi, simjui mtu."

Bibi Pimbi akashika kichwa. "Ala! Unaondoka bila kuaga? Bwana mkubwa, kwetu hilo halipo. Mgeni akiingia mji, akiondoka lazima auage."

"Nitapunga mkono melini."

"Shauri yako. Masurufu yako yatachacha."

Tikitimaji likasimama njiani. "Masurufu gani?"

"Chakula cha safari. Mgeni akiaga hafungiwi mlango, anafungiwa chakula. Utamwachaje mtu aende mikono mitupu? Ni aibu."

"Kila mgeni?"

"Kila mgeni."

"Kila nyumba?"

"Kila nyumba."

Kiboko akasimama. Akajifuta midomo. Akasema, "Mimi ni mtu ninayeheshimu sana mila."

Na angalieni: Bibi Pimbi hakusema uongo hata neno moja. Mila ni hiyo, mpaka leo.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bi Kanga. Kiboko akasimama mlangoni akaimba:

*Hodi hodi, naondoka, nimekuja kuwaaga,*
*kilichobaki jikoni, msije mkakimwaga!*

"Karibu, karibu! Unaondoka? Mbona mapema? Keti kwanza. U hali gani? Watoto hawajambo? Mama watoto? Huko kwenu mvua imenyesha? Mahindi yamekubali?"

Kiboko hana watoto, hana mahindi. Lakini mgeni akiulizwa habari, anajibu moja moja. Akajibu. Bi Kanga akamfungia chungu cha viazi vikuu. Kisha akajitanda. "Siwezi kukuacha uende peke yako. Ngoja nikusindikize mpaka kwa jirani."

Nyumba ya pili ilikuwa ya Mama Mbuzi.

*Hodi hodi, naondoka, nimekuja kuwaaga,*
*kilichobaki jikoni, msije mkakimwaga!*

"Karibu, karibu! Unaondoka? Mbona mapema? Keti kwanza. Watoto hawajambo? Mvua imenyesha? Mahindi yamekubali?" Akampa bakuli la kunde za nazi. Akajitanda. "Ngoja nikusindikize."

Nyumba ya tatu ilikuwa ya Mzee Punda. Hapo pana kazi. Mzee Punda haulizi habari za watoto tu. Anauliza na za marehemu. Alimpa mkungu wa ndizi, akamsindikiza mpaka kona, akasimama.

"Haya, mwanangu. Mimi nimekutoa. Sasa nawe nirudishe nusu ya njia."

"Nikurudishe?"

"Mzee wa umri wangu arudi peke yake?"

Kiboko akamrudisha nusu ya njia. Mzee Punda akaona haya, akamsindikiza tena mpaka kona. Mara tatu.

Mbuuuuuu! Honi ya kwanza.

"Hiyo ni meli," akasema Kiboko.

"Ndiyo," akasema Mama Mbuzi, "lakini Bi Nungunungu atakasirika ukimpita. Leo amepika pilau."

Nyumba ya nne ikampa pilau. Nyumba ya tano ikampa mihogo. Ya sita, mikate ya ufuta. Ya saba hawakuwa na kitu, wakaazima kwa nyumba ya nane, kisha ya nane wakampa cha kwao. Kufika nyumba ya tisa Kiboko alikuwa ameshika sufuria ya maharage mkononi, vyombo vingine kwapani, chungu kichwani, mkungu wa ndizi shingoni kama shada la bibi harusi, na nyuma yake wasindikizaji kumi na wanane wanauliza habari za mvua.

Mbuuuuuu! Honi ya pili.

Ukutani karanga zilikuwa zinakaribia kwisha. Bata wawili walikuwa wamekwishapanda, na Twiga mmoja aliyechelewa kwa kujipiga picha alikuwa ameingizwa kwa vipande: shingo kwanza. Bibi Pimbi alikuwa amekaa mwanzo kabisa wa ukuta, jirani na ngazi, kikapu magotini. Alihesabu kamba. Ya kwanza imefunguliwa. Ya pili imefunguliwa. Barabara tupu. Moyo wake ukaanza kutulia.

Ndipo Kunguru akaruka juu ya nguzo.

"Mabibi na mabwana! Naona nyumba inatembea! Samahani, si nyumba. Ni Bwana Kiboko! Ana chungu kichwani! Ana mkungu shingoni! Na loo, anakimbia!"

Hapo ndipo Bibi Pimbi alipokosea. Hesabu yake ilitosha nyumba tisa, ilitosha na Mzee Punda. Haikutosha jambo moja: kiboko, ukimwona amelala, utadhani ni mlima; kumbe akiamua, ana mbio kuliko wewe na baba yako.

Puku! Puku! Puku! Ardhi inatikisika. Kang'a! Kang'a! Sufuria zinagongana. Wasindikizaji nyuma, "Salamu nyumbani! Salamu nyumbani!" Ukuta wote umesimama. "Tupa chungu!" wanapiga kelele. "Tupa chungu uruke!" Mwingine anasema, "Asitupe! Kile chungu cha Bi Kanga!"

Hakutupa. Alifika na vyote. Akaweka mguu mmoja kwenye ngazi. Kriii, ngazi ikalia.

Bibi Pimbi akaona mjukuu anazaliwa mikononi mwa mtu anayeunguza maji. Akasimama juu ya ukuta, akaita kwa upole kabisa:

"Bwana Kiboko! Mji mzima umeuaga. Na mimi je?"

Kiboko akageuza shingo. Akaona kikapu.

"Kikapuni mna nini?"

"Ni vitu vya mzazi tu, bwana mkubwa. Wewe panda."

"Vinalika?"

"Watu hula."

Kiboko akaitazama meli. Akakitazama kikapu. Akaitazama meli.

"Bwana Kiboko," akasema Kobe kutoka juu, "mguu mmoja si abiria."

Ukuta mzima ukainama mbele. Hata mtafuna karanga aliacha kutafuna.

Kiboko akateremsha mguu. "Mwenyeji mmoja ukimbagua," akasema, "huo si utalii."

Akatua chungu taratibu, kisivunjike. Akatua sufuria na vyombo vingine. Akavua mkungu wa ndizi. Na kwa kuwa mila haifanywi nusu, akaimba wimbo wote, kwa kasi:

*Hodihodi naondoka nimekujakuwaaga,*
*kilichobaki jikoni msijemkakimwaga!*

Kisha akafunua kikapu, akatumbukiza pua, pua ya ndoo mbili, akavuta harufu mpaka ikafika mgongoni.

Juu kabisa palikuwa na pilipili manga. Ratili nzima, imesagwa jana. Mzazi hunywa uji wa pilipili manga, ndivyo anavyopata nguvu. Lakini hunywa kwa kijiko, jamani. Hanusi kwa pua ya kiboko.

"Cha..."

Bibi Pimbi akakipokonya kikapu.

"Cha..."

Bibi Pimbi akapita katikati ya miguu yake.

"Cha..."

Bibi Pimbi yuko juu ya ngazi.

"CHYAAAAAA!"

Kunguru alianguka kutoka kwenye nguzo. Kunde zilipatikana siku ya pili juu ya paa la forodha. Na wapo wanaoapa kwamba meli iliondoka kwa chafya ile, injini ikawashwa baadaye.

Mbuuuuuu! Honi ya tatu. Ngazi ikavutwa.

"Jina?" akauliza Kobe.

"Pimbi."

"Kitanda namba arobaini. Kofia nimeshaihamishia sakafuni."

Kiboko akabaki gatini na machozi ya pilipili, vyombo nane na mkungu wa ndizi vimemzunguka. Wasindikizaji hawakumcheka. Walishangilia. "Mgeni wetu amerudi! Karibu tena!" Wakambebea vyombo. Wakampa pa kulala. Usiku wa kwanza akala, usiku wa pili akala, na siku ya tatu Mzee Punda akamletea jembe.

"La nini hili?"

"Mwanangu, wewe si mgeni tena. Na vile vyombo vya watu, unajua, havirudishwi vitupu. Viko nane. Shamba la mihogo liko kule."

Na Bibi Pimbi? Alitapika siku tatu mchana na usiku, maana pimbi ni mnyama wa mawe, bahari haimpendi. Alifika Kisiwa cha Mawe rangi ya majivu, akapanda mlima mbio, akaingia chumbani. Binti yake alikuwa ameshika nguzo ya kitanda kwa meno, uchungu umekolea, jasho jekejeke. Akafumbua jicho moja.

"Mama! Mbona umechelewa?"

Bibi Pimbi alitua kikapu. Alikunja mikono ya gauni, akamsogeza mama mkwe pembeni, akabandika maji. Hayakuungua.

Sasa fundisho, maana wenye vyeti wanasema hadithi isiyo na fundisho ni umbeya. Watoto wangu, adabu ni mali. Msiondoke mahali popote bila kuaga kila nyumba, hasa kama meli inang'oa nanga saa kumi. Na wadogo muwaheshimu wakubwa siku zote, kama Bibi Pimbi alivyomheshimu Bwana Kiboko mpaka akamwacha gatini.

Hadithi yangu imefunga kamba hapa. Ikiwa imekolea, sifa nileteeni mimi. Ikiwa imechacha, mkamwulize Kunguru, ndiye aliyenisimulia, na siku ile alikuwa ameangukia kichwa.