Baraza ya Mzee Pelele

Nije, nisije?
— Njoo!
Nina mzigo.
— Utue!
Nitakaa wapi, na miguu imechoka hivi?
— Kaa hapa, tumekusogezea!

Haya, nimekaa. Mungu awalipe.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe tisa ya mwezi wa Mfungo Nane, saa nne asubuhi. Hapo ndipo mambo yalipobadilika, kwa sababu saa hiyo Mzee Pelele alifariki dunia. Pelele mnamjua. Ni yule mnyama mdogo wa majabalini, hana mkia, ukimwona kwa mbali utasema ni panya aliyeshiba. Mkewe, Bi Pelele, alilia. Akakaa eda, akaimaliza. Kisha akajiuliza, "Mume wangu nimtolee sadaka gani?"

Akajenga baraza ya mawe kando ya njia ya mtoni, mahali anapopita kila mwenye kiu na kila mwenye mzigo. Hakumtoza mtu kitu. Alitaka neno moja tu: kila anayeketi aseme, "Mungu amrehemu mwenye baraza."

Akija Bibi Kima mwenye magoti mabovu, anajikongoja, kwatu, kwatu, anaketi. "Aah! Mungu amrehemu mwenye baraza."

Akija Mama Kanga na vifaranga vyake, chiki chiki chiki, wanaketi. "Aah! Mungu amrehemu mwenye baraza."

Jioni Bi Pelele analala moyo umetulia. Anajua kule aliko mumewe hakusahauliwa.

Siku moja Kiboko akatoka mtoni. Akaitazama baraza. Akageuka, akashuka, puu! Baraza yote ikajaa.

Akaja Bibi Kima, kwatu, kwatu. "Mwanangu, nisogezee."

"Pamejaa."

"Pamejaa nani?"

"Pamejaa mimi."

Akaja Mama Kanga, chiki chiki chiki. "Bwana Kiboko, tusogezee."

"Pamejaa."

"Pamejaa nani? Mbona nakuona wewe tu?"

"Basi unaona vizuri. Pamejaa mimi."

Ikawa hivyo kila siku. Kiboko anakuja asubuhi, anaondoka usiku, na dua hasemi hata moja. Bi Pelele akawa halali. "Mume wangu yuko peke yake chini ya ardhi," alisema, "na leo tena hakuna aliyemuombea."

Asubuhi akafunga kanga yake kiunoni, akaenda barazani.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Pamejaa."

"Sikuja kukaa. Nimekuja kukuonea huruma. Mgongo hauumi?"

Kiboko akajipapasa kiuno. Kisha akasema polepole, "Unauma. Na makalio yanakufa ganzi."

"Lazima! Haya ni mawe tu, tena yamenyooka. Kiti kizuri kinamfuata mkaaji. Paja lilale lote, nyayo zifike chini, mgongo uegemee kidogo. Usikae wima kama askari wa lindo, wala usilale kama mgonjwa. Nikufinyangie chako?"

"Changu peke yangu?"

"Nani mwingine mwenye umbo hili, bwana?"

Kiboko akacheka, ho, ho, ho. "Finyanga!"

Bi Pelele akaleta udongo wa kichuguu, akaukanda kwa maji, akaumwaga juu ya baraza, akaukandika mnene. "Kaa sasa. Usitikisike mpaka ukauke."

Kiboko akaketi, pwaa! Udongo ukampokea, ukamkumbatia mpaka kiunoni. "Lo! Tamu hii!"

"Na usione njaa," Bi Pelele akasema. Akamletea tikiti. Kiboko akalimeza, gubu! Akaletewa jingine, gubu! Jua linawaka, udongo unakauka. Tikiti linaingia, tumbo linafura. Jua linawaka, udongo unakauka. Tikiti linaingia, tumbo linafura. Mchana akataka kuinuka.

"Bi Pelele, mbona siinuki?"

"Labda ni utamu wa kiti, bwana."

"Nimebanwa!"

Akaja Bibi Kima, kwatu, kwatu. "Mwanangu, nisogezee."

"Bibi, siwezi!"

"Kwani pamejaa nani?"

Kiboko akalia. "Nitoeni, jamani!"

"Mimi mjane, ukubwa wangu huu," Bi Pelele akasema, "nitamwinua kiboko kwa nguvu gani? Muombe Mungu. Anza na dua ya hapa."

"Mungu amrehemu mwenye baraza," Kiboko akanong'ona.

"Hatujasikia!" wakasema vifaranga.

"MUNGU AMREHEMU MWENYE BARAZA!"

Majabali yakaitika. Kila mpita njia akasema, "Amin." Kiboko akaomba mchana kutwa, akaomba usiku kucha, hakuna tena tikiti. Alfajiri tumbo likanywea. Akachomoka, fyoko! Akakimbilia mtoni, chubwi! Mpaka leo mchana kutwa yumo majini, anarowesha udongo wa makalioni.

Lakini kiti alichokiacha, Subhanallah! Kiboko ana miguu mifupi, kwa hiyo kiti kilikuwa chini, hata mfupi anafikisha nyayo. Ana makalio mapana, wanakaa wanne bila kusukumana. Ana mgongo wa mviringo, hakuna pembe inayokuchoma. Bi Pelele alitoboa kitundu pale chini, mvua ikinyesha maji yapite.

Bibi Kima akaketi. Magoti yakanyamaza. Akafumba macho. "Nimeishi miaka yote hii," akasema, "leo ndiyo nimekaa. Aaah! Mungu amrehemu mwenye baraza."

Akaisema tena, kwa sababu hakuwa na haraka ya kuinuka.

Funzo lake ni hili. Mkubwa akikalia cha watu wote, msimfukuze. Mlisheni matikiti. Bila makalio ya mlafi, sisi wanyonge tungeegemea nini?

Hadithi yangu imeinuka, nafasi yake ina joto bado. Anayetaka na akae.

Na wewe Mola, mrehemu mwenye baraza. Mrehemu na Shekue bin Mbaruku, aliyenihadithia haya, aliyenisogezea miaka yote nikakaa. Msogezee na wewe huko aliko. Amin.