Kwa Nini Mchezo wa Nyundo Unaitwa Shemboza

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mmeitika kama wagonjwa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nawasikia. Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji, na kijiji kilikuwa na mchezo, na mchezo haukuwa na jina. Watu walisema tu, twendeni tukapige. Mpira wao ulichongwa kwa mti, mdogo kama ngumi ya mtoto. Mchezaji alishika nyundo ya mti yenye mpini mrefu, akaupiga, ko! Ukabiringika, biri-biri-biri, mpaka upite kati ya vigingi viwili. Ni nyundo tu iliyoruhusiwa kuugusa. Mguu, mwiko.

Na mshindi wa siku ya mavuno hakupewa ng'ombe. Alipewa kiti cha kuamua kesi, akikalie mpaka uzeeni. Watu wa kale walisema mwenye mkono ulionyooka ana moyo ulionyooka. Walisema wao, mimi simo.

Basi kiti hicho kilikuwa cha Mzee Kiluwa, miaka thelathini. Na tusimwonee, aliamua vizuri. Ndugu wawili wakigombania shamba, aliwalimisha pamoja msimu mzima kabla ya kuwagawia, na msimu ukiisha hawakutaka tena kugawana. Mke na mume wakija wanafokeana, aliwapa maji wanywe, akangoja. Walirudi kwao wametulia.

Kiluwa akazeeka. Kijiji kikakutana, kikasema mchezo wetu upate jina, uitwe Kiluwa. Siku ikapangwa. Kila mtu akafurahi isipokuwa mwenye jina. Chakula hakishuki. Mkewe, Mwanakheri, akamuuliza ana nini. Akasema, hakuna. Akamuuliza tena. Akasema, hakuna. Siku tatu hakuna, hakuna, na huku mtu anakonda.

Siku ikafika. Mbuzi wamechinjwa. Ngoma, ndi! ndi! ndi! Kiluwa akasimama, macho chini.

"Shemboza yuko wapi?" akauliza.

Watu wakacheka. Shemboza Mwongo? Yule mzee wa bondeni asiyekanyaga barazani? Ndiye aliyeshindwa na Kiluwa miaka thelathini nyuma, akalalamika kwamba Kiluwa ameusogeza mpira kwa kidole cha mguu. Kiluwa akaapa hakuugusa. Watu wakamwamini Kiluwa. Tangu siku hiyo Shemboza akawa mwongo. Akitoa ushahidi, mwongo. Akisema mvua inanyesha, watu wanatoa mkono nje kwanza. Watoto walimwimbia njiani, mwo-ngo, mwo-ngo. Mama yake alikufa akiitwa mama wa mwongo.

"Hakuwa mwongo," Kiluwa akasema. "Niliusogeza. Kwa kidole hiki."

Ngoma kimya. Jamani, aibu ya siku ile! Mwanakheri alijifunika uso kwa nguo. Waliokuwa wakicheka wakatazama miguu yao, maana kila mmoja alikumbuka alivyoimba utotoni. Mimi ninayesimulia naona haya, na wala sikuwepo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilichukua miaka thelathini.

Kiluwa akashuka bondeni, kijiji kizima nyuma yake. Wakamkuta Shemboza anapalilia mihogo. Kiluwa akapiga magoti kwenye udongo, akamweleza yote, akamwambia kiti ni chako.

Shemboza akaegemea jembe.

"Kiti sikitaki," akasema. "Maneno hayo mama yangu aliyangoja mlangoni miaka kumi na miwili. Nenda kamwambie yeye."

Akamwonyesha kaburi nyuma ya nyumba. Kiluwa akaenda. Mzee mzima akapiga magoti tena, akayasema tena, kwa sauti, watu wote wakisikia. Kaburi halikujibu. Kaburi lilijibu lini? Alipoinuka, Shemboza alikuwa amesharudi kwenye mihogo yake.

Kiluwa hakukikalia tena kile kiti. Mchezo ukaitwa Shemboza, na hiyo ndiyo amri yake ya mwisho. Mpaka leo, mpira ukigusa mguu wako, hata kama hakuna aliyeona, unaweka nyundo chini na kusema mwenyewe, "Shemboza." Zamu yako imekwisha. Kumsemea mwenzako hairuhusiwi. Lazima uliseme wewe.

Na mwenye jina? Kila mavuno walimwalika aje atazame. Hakwenda hata mara moja.

Kwa hiyo, enyi mnaonitumbulia macho, ukiwa na neno la kumsafisha mwenzako, liseme mama yake angali hai. Hadithi yangu imeishia hapo. Anayeweza kuinua uso na auinue, mimi wangu uko chini.