Breki za Alhaji Mbwera

Mniwie radhi mapema: hekaya hii nitaiharibu. Aliyenipa alikuwa akicheka huku anatafuna muhogo, na nusu ya maneno ilimtoka pamoja na makombo. Basi pokeeni hiyo nusu iliyonifikia.

Palikuwa na tajiri, Alhaji Mbwera, muuza magari yaliyotumika. Yadi yake ilikuwa juu kilimani, na sharti lake moja: marufuku mnunuzi kufungua boneti.

"Gari langu hununuliwa kwa imani," alisema, tasbihi mkononi. "Anayechungulia injini ananitilia shaka mimi. Na anayenitilia shaka mimi, anamtilia shaka aliyenijaalia."

Haya, bishana na hilo!

Chande muuza maziwa hakubishana. Alichoka kubeba madumu kwa baiskeli, akatamani pikapu. Cha kutoa alikuwa nacho kimoja tu: ng'ombe wake wa maziwa, mlishaji wa nyumba nzima. Alhaji akamfunua ng'ombe mdomo, akamkagua meno. Akamkamua. Akamtembeza, akamrudisha. Akamwinua mkia, na huko alikotazama sisemi. Aliporidhika, akampa Chande ufunguo na dua.

Pikapu ikashuka mlima vizuri. Vizuri mno. Chande akakanyaga breki, kumbe anakanyaga uji. Kilichomsimamisha ni lundo la madafu ya watu kule sokoni chini, na injini ikakata roho papo hapo.

Watu wa sokoni wakaisukuma pikapu kuipandisha hadi yadini, wakihema. Chande akamwona ng'ombe wake amefungwa kivulini, akaumia moyo.

"Alhaji, gari hili bovu. Nirudishie ng'ombe wangu."

"Bovu? Ulipoingia ndani, ulisema bismillahi?"

"Nilisema."

"Kwa moyo wote?"

"Mpaka kwenye kona, Alhaji. Pale kwenye kona ulibaki nusu."

"Unaona! Shaka hiyo ndiyo iliyoua injini. Nenda katubu. Ng'ombe haondoki hapa."

Chande akainamisha kichwa. Akakuna kidevu.

"Kweli, Alhaji. Imani yangu haba. Basi nifundishe. Panda wewe mwenye imani tele, ushike usukani. Sisi tutakusukuma tu hapo mteremkoni."

"Nini?"

"Jamani, mpisheni Alhaji! Mwenye bega alete bega!"

Na mabega yakaja. Wenye madafu ndio waliotangulia. Mlango ukafunguliwa. Alhaji akautazama mteremko, akautazama mtaro mkubwa kule chini, tasbihi ikaanza kukimbia vidoleni.

"Ngojeni! Ngojeni kwanza! Aitwe fundi azitazame breki."

"Fundi? Kuchungulia si kutilia shaka?"

"We mwana... we Chande! Mungu amekataza mtu kujitia mwenyewe kwenye maangamizi!"

"Amekataza sasa hivi, Alhaji, au hata pale niliponunua mimi?"

Yadi nzima ikaangua kicheko. Mteja mwingine aliyekuja kununua gari akarudisha ufunguo mezani kimyakimya. Alhaji akaliona hilo, jasho likamtiririka.

"Mchukue ng'ombe wako, uniondokee! Lakini na wewe, mtu mzima na ndevu zako, ulikubalije kununua kitu bila kukitazama?"

Chande alikuwa ameshafungua kamba.

"Hapo kosa ni langu, Alhaji, silikatai. Nilidhani Mungu ndiye aliyekutuma wewe. Kumbe wewe ndiye unayemtuma Yeye."