Namba ya Mgongoni

Mimi ni mtu wa darasa la saba, na la tano nililirudia. Ndiyo maana mwenye nyumba wangu, Bwana Haidari, hakunibembeleza.

"Nipe ile programu ya kudarizi kofia, Bi Mize, au uhame."

"Haihamishiki, baba. Inatambua namba ya kompyuta yangu hii tu. Ukiipeleka kwenye kompyuta nyingine inagoma."

"Basi naichukua hiyohiyo mashine. Wewe nitakuletea yangu mpya, ukaangalie picha."

"Nitaiweza wapi na macho haya?"

Aliifuata mpya kwake. Aliporudi aliandika mkataba mwenyewe: nampa mashine, nakaa chumbani miaka miwili. Aliinama akanakili namba iliyobandikwa mgongoni mwa mashine. Tukatia sahihi, yangu imepinda kama mnyoo.

Kesho yake alikuja akihema. "Mashine inawaka kioo kitupu, programu haifunguki."

"Namba si ndiyo uliyoiandika?"

"Ndiyo."

"Hiyo ni ya sanduku la nje, baba. Programu inasoma namba ya diski ya ndani, nami niliitoa ulipokwenda kuleta hii mpya. Sasa imo humu."

Nikamwomba asogee kidogo. Alikuwa ananizibia mwanga, na kofia zilikuwa bado kumi.