Utando na Mshubiri Wagombania Ukubwa

Haya, sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa hivi amalize, nisikatizwe.

Hapo kale Nasieku alikuwa akimwachisha mwanawe kunyonya. Mtoto akasusia uji siku tatu, akabaki mifupa. Nasieku akambeba mgongoni mpaka ziwa la magadi, akate jani la mshubiri ajipake titi liwe chungu, kama mama zetu wanavyofanya, kisha achote ule utando wa kijani unaoelea majini, wenye lishe kuliko uji, amnyweshe.

Mshubiri akanena: "Sema kwanza nani mkubwa. Mimi nina mizizi, nina maua, natunza maji kiangazi kizima. Huyo ana nini?"

Utando akajibu: "Mimi nilikula jua kabla jani la kwanza halijaota duniani."

"Jamani, mtoto anakufa!" Nasieku akalia, lakini wote wawili wakamkazania:

"Nani mkubwa?"

"Mshubiri!" Utando akazama.

"Nani mkubwa?"

"Basi, utando!" Jani likawa gumu kama jiwe.

"Nani mkubwa?"

"Mkubwa ni huyu anayelia mgongoni kwangu!"

Wakamtazama mtoto. Utando akaibuka, jani likalainika, Nasieku akakata, akajipaka, akachota utando kwa kibuyu. Mtoto akaonja titi, akakunja uso, akatema. Akapewa kibuyu, akanywa mpaka tone la mwisho.

"Lakini kati yetu wawili..." wakaanza tena.

Mtoto, ambaye alikuwa hajawahi kutamka neno, akageuka na midomo yake ya kijani, akafoka: "Nyamazeni!"

Wamenyamaza mpaka leo. Nami nimemaliza, na atakayeniuliza nani mkubwa, nitampaka shubiri mdomoni.