Mama Aliyekatazwa Jina la Mwanawe

— Nina hadithi, imesimama mlangoni!
— Ikaribishe, ikae kwenye kigoda!
— Kigoda kimevunjika mguu!
— Basi ikae chini, tuisogelee!

Hapo kale, wakati mawe yakifunguka kama milango, palikuwa na mzee jina lake Ndalahwa. Alikuwa na ng'ombe, alikuwa na binti, alikuwa na mtoto wa kiume aliyeoa. Mke wa mtoto huyo aliitwa Kabula. Mimi Kabula nampenda, nasema mapema ili mjue niko upande gani.

Nchi ile ilikuwa na mwiko. Mke wa mtoto hatamki jina la baba mkwe. Hatamki lote, hatamki nusu, hatamki hata usingizini. Akilitamka, siku hiyo hiyo anafunga mzigo na kurudi kwao, na mtoto anabaki kwa ukoo wa baba. Msiniulize nani aliuweka mwiko huo. Hakuwa mwanamke, hilo najua.

Kabula akazaa mtoto wa kiume. Siku ya kumtoa nje, mzee akampakata, akasema, "Huyu ni mimi. Anaitwa Ndalahwa." Watu wakapiga vigelegele. Kabula naye akaanza kupiga kigelegele, akakiacha katikati. Atamwitaje mwanawe?

Maoni yakamiminika, maana kwenye jina la mtoto kila mtu ni fundi.

Wifi yake Holo akasema, "Jina refu hilo. Lifupishe, mwite Ndala."

Jogoo juu ya ua akacheka. "Ndala si za kuvaa miguuni? Mwite Jogoo. Jina zuri, limeshajaribiwa."

Mbuzi akasema, "Mnajisumbua bure. Mimi wanangu wote nawaita Mee, na wote huja."

Kabula akashukuru, wala hakuchukua hata moja. Mtoto alikuwa akinyonya mpaka tumbo linang'aa, basi akamwita Kitumbo. Kitumbo, njoo ule! Kitumbo, shuka mtini! Kitumbo, nani kamwaga maziwa? Jina likakolea kijiji kizima. Babu peke yake ndiye aliyemwita Ndalahwa.

Kitumbo akakua, akapewa ndama kuchunga. Siku moja mvua ikamkuta mlimani, akajikinga ndani ya pango. Kumbe pango lile ni nyumba ya zimwi. Jiwe la mlangoni likajifunga, du!

Zimwi lile halikuwa na papara. Lilikuwa na utaratibu. Mtoto akiingia, linasubiri jua lizame. Mama yake akija akamwita jina alilopewa siku ya kutolewa nje, jiwe linafunguka, mtoto anakwenda zake. Asipoitwa, analiwa. Mlima mzima ulijua hivyo, na kijiji chini yake pia.

Jioni ndama wakarudi peke yao. Baba wa mtoto alikuwa mbali, safari ya chumvi. Basi wakafuata nyayo watu watatu, Kabula, mzee na Holo, mpaka kwenye jiwe.

Mzee akaita, "Ndalahwa!"

Zimwi likajibu toka ndani, "Mzee, unajiita mwenyewe. Jiitikie."

Holo akaita, "Ndala!"

"Hiyo nusu. Nusu ya jina, nusu ya mtoto. Nikupe ya juu au ya chini?"

Holo akajificha nyuma ya baba yake.

Kabula akaita, "Kitumbo! Kitumbo wangu!"

Ndani mtoto akalia, "Mama!" Zimwi likasema, "Sauti ya mama nimeisikia, jina sijalisikia. Na tumbo ndilo nitakaloanza nalo, asante kwa kunikumbusha."

Jua likagusa miti. Kabula akamtazama baba mkwe. Mzee akatazama chini. Alimpenda mjukuu wake, lakini mwiko aliukuta.

Akinyamaza, mtoto analiwa. Akitamka, mtoto anaishi, na yeye anamwacha. Kabula aliogopa, jamani, aliogopa kweli. Akasema moyoni, afadhali anililie akiwa hai.

Akavuta pumzi. "Ndalahwa! Ndalahwa mwanangu, toka uje kwangu!"

"Naam!" akaitika mtoto ndani.

"Naam!" akaitika mzee nje.

Jiwe likafunguka. Mtoto akatoka mbio, akamrukia mama yake. Zimwi likachungulia, likasema, "Utaratibu ni utaratibu," likajifungia na njaa yake.

Kabula akamkumbatia mwanawe, akamnusa kichwa, kisha akamweka chini. Akapiga magoti.

"Baba, nimelitamka. Naenda kufunga mzigo."

Mzee akaegemea fimbo yake. Machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakuyafuta.

"Tangu mama yangu azikwe," akasema, "naitwa Mzee, naitwa Baba, naitwa Babu. Hakuna aliyeniita jina langu akitaka nije. Leo nimelisikia, nikaitika kabla sijafikiri."

Holo akakohoa. "Na mwiko je, baba?"

"Mwiko ni kuniita mimi. Aliyeitwa ni mtoto. Mimi nimeitikia wito usio wangu, kwa hiyo mwenye kosa ni mimi. Anayetaka nifunge mzigo nirudi kwetu, anionyeshe kwetu ni wapi."

Hakuna aliyemwonyesha. Wakarudi nyumbani wote wanne. Tangu siku hiyo Kabula alimwita mwanawe jina lake lote, uwanjani, kwa sauti. Na kila alipoita waliitika wawili, mmoja akaja kula na mwingine akacheka peke yake.

Funzo, kwa wanaotaka funzo: kabla hujampa mtoto jina, muulize mama yake kama ataweza kumwita.

— Hadithi imeondoka, nimebaki na kiu!
— Tukuletee nini, msimulizi?
— Maji. Mwenye jina refu kuliko wote hapa akayalete. Wengine, kalaleni.